Kunyamazisha maonyo ya maktaba kwenye Eclipse bila kujifumba macho

Swali: Natumia Eclipse kwenye mradi wa wavuti wa Java unaojengwa kwa Maven. Ndani ya `src/main/webapp/js` nimeweka jQuery, Bootstrap na maktaba moja ya kuchora chati. Dirisha la Problems limejaa mamia ya maonyo, na karibu yote ni ya faili hizo ambazo sikuziandika mimi. Nilichoka, nikazima ukaguzi wote. Siku chache baadaye nikapeleka kwenye seva ukurasa wa JSP wenye lebo isiyofungwa, na Eclipse haikusema neno. Kuna pia onyo moja la Java linalong'ang'ania, linaanza na "Classpath entry". Nitayaondoaje haya yasiyo na maana na kubaki na yale yanayonihusu?

Jibu: Kabla ya yote, rudisha ukaguzi ulioufunga. Nenda *Window > Preferences > Validation* uondoe tiki kwenye *Suspend all validators*. Najua kelele zitarudi, zivumilie kwa muda mfupi. Kosa la JSP halikuonekana kwa sababu kikaguzi kinachosoma jQuery na kile kinachosoma kurasa zako vimezimwa kwa swichi moja. Onyo la maktaba lizime kwa mahali lilipo: folda hii, faili hii. Ukilizima kwa aina yake, litazimika hata pale ambapo ulilihitaji.

Tujue kwanza maonyo haya yanatoka wapi, maana dawa zake hazifanani. Maktaba ya Java iliyo ndani ya faili ya JAR (kifurushi cha madarasa ya Java) haitoi onyo lolote kuhusu msimbo wake wa ndani. Imeshakompailiwa, Eclipse inasoma faili za `.class` ili ijue kuna madarasa na mbinu gani, basi. Haikagui mwandishi wake alisahau nini. Kwa hiyo ukiona onyo la "maktaba", ujue ama ni faili ya maandishi iliyo ndani ya folda zako mwenyewe, kama JavaScript na CSS za watu. Ama ni msimbo wa Java ulionakiliwa au uliozalishwa na chombo fulani na kuwekwa kwenye folda za chanzo. Ama ni malalamiko kuhusu njia ya madarasa, yaani namna JAR ilivyounganishwa na mradi wako. Mamia yako ni ya kundi la kwanza. Lile moja linalong'ang'ania ni la kundi la tatu, na hilo sitaki ulifiche.

Tuanze na JavaScript. Bofya mara mbili onyo lolote la `jquery.min.js` uangalie safu ya *Location*. Karibu yote yataonyesha mstari wa 2. Mstari wa 1 ni maelezo ya leseni, na wa 2 ni maktaba nzima iliyobanwa: majina ya herufi moja moja, `!0` mahali pa `true`, `void 0` mahali pa `undefined`, na mitindo mingine ambayo mtu asingeiandika kwa mkono. Mashine iliibana ili ipite haraka kwenye mtandao. Sasa kikaguzi kinaisoma kana kwamba umeiandika wewe, kinaona kigezo kilichotangazwa mara mbili hapa, nukta-mkato iliyoachwa pale, na kila kimoja kinakuwa mstari kwenye dirisha la Problems. Faili haina ubaya wowote. Imeletwa tu mbele ya msomaji asiyeihusu.

Hasara yake ni zaidi ya kero ya macho. Kwa kawaida dirisha la Problems huonyesha vipengele 100 tu kwa kila kundi. Ukiwa na maonyo mia tano na mia nne na tisini ni ya jQuery, yale kumi yako yanaweza yasiwe hata kwenye orodha unayoiona.

Kazi ya kwanza ni kupanga. Ikiwa maktaba za watu zimechanganyika na faili zako kwenye `js`, tengeneza `js/vendor` uzihamishie huko zote, kisha urekebishe njia kwenye kurasa. Ni kazi ya dakika chache, na inakupa kitu muhimu sana: jina moja la folda la kuiambia Eclipse iruke. Bila hivyo utakuwa unaandika kanuni mpya kila ukiongeza maktaba.

Kisha bofya kulia kwenye mradi, *Properties > Validation*, weka tiki kwenye *Enable project specific settings*. Utaona jedwali la vikaguzi lenye safu mbili, *Manual* na *Build*, na upande wa kulia wa baadhi yao kuna kitufe kidogo chenye nukta tatu. Bofya nukta hizo kwenye kikaguzi kinachokusumbua. Linafunguka dirisha la makundi. Chagua *Add Exclude Group*, uliangaze kundi hilo jipya, halafu *Add Rule*, chagua *Folder or file name*, andika njia ya `vendor` kuanzia kwenye mzizi wa mradi. Rudia kwa vikaguzi vya HTML, JSP na XML ikiwa navyo vinagusa folda hiyo. Baadhi ya maktaba huja na kurasa za mifano ndani yake, na kurasa hizo zina kelele kuliko hata JavaScript yenyewe. Hizo kurasa za mifano, kwa maoni yangu, zifute. Hazina kazi kwenye programu yako.

Kikaguzi cha JavaScript kina mlango wake wa pili, na hapa ndipo wengi hupotea: wanafuata hatua za juu, na maonyo yanabaki palepale. Sehemu ya JavaScript ya Eclipse ina orodha yake ya folda za chanzo. Iko *Properties > JavaScript > Include Path*, kichupo cha *Source*. Panua folda ya `webapp`, chagua *Excluded*, bofya *Edit*, uongeze mchoro (*pattern*) wa folda yako. Mabadiliko hayo yanaandikwa kwenye faili ya `.settings/.jsdtscope`, na ukiifungua utakuta kitu kama hiki:

```
<classpathentry kind="src" path="src/main/webapp"
  excluding="**/node_modules/*|**/*.min.js|js/vendor/**"/>
```

Nyota mbili maana yake ni folda yoyote kwa kina chochote. Alama ya wima inatenganisha mchoro mmoja na mwingine. Tangu toleo la Neon la mwaka 2016, sehemu hiyo ya JavaScript ilipoandikwa upya, miradi mipya huja na `**/*.min.js` ikiwa tayari imetengwa. Mradi wako ukiwa ulianzishwa kabla ya hapo na kubebwa toleo hadi toleo, faili yake bado ni ile ya zamani. Mara nyingi hiyo peke yake inaeleza kwa nini mwenzako mwenye Eclipse ileile haoni maonyo unayoyaona wewe.

Kwenye miradi mikongwe angalia pia *Properties > Builders*. Ukikuta *JavaScript Validator* hapo, ndiye anayekimbia kila unapohifadhi faili, na ndiye anayefanya Eclipse igande kwenye "Building workspace". Kama JavaScript yako unaiandikia kwenye chombo kingine kabisa, ondoa tiki yake. Hapo tu ndipo naruhusu kuzima kikaguzi kizima.

Baada ya haya yote utarudi kwenye Problems na kukuta maonyo yapo vilevile. Usikate tamaa wala usianze upya. Onyo likishatolewa huwa ni alama iliyobandikwa kwenye faili, na kubadilisha mipangilio hakuibandui. Fanya *Project > Clean*, kisha bofya kulia kwenye mradi na uchague *Validate*. Zikibaki alama za faili ambayo sasa imetengwa, ni kwa sababu kikaguzi hakiendi tena huko kuzifuta. Zichague kwenye dirisha la Problems ubonyeze Delete. Ikiwa mipangilio ni sahihi hazitarudi. Zikirudi, kuna kikaguzi kingine ulichokisahau, na safu ya *Type* itakutajia ni kipi.

Nimekuelekeza kwenye *Properties* za mradi badala ya *Preferences* kwa makusudi. Mipangilio ya *Preferences* inakaa kwenye folda ya `.metadata` ya eneo lako la kazi, kwa hiyo iko kwenye kompyuta yako tu. Ile ya mradi inakaa kwenye `.settings`, ndani ya mradi, na inaweza kuingia Git. Najua kuna timu ambazo `.gitignore` yao inafukuza `.settings` yote. Mimi naona ni hasara: kila anayejiunga anaanza na mamia yaleyale ya maonyo, naye anafanya ulichofanya wewe, anazima kila kitu. Angalau `.jsdtscope`, `org.eclipse.wst.validation.prefs` na `org.eclipse.jdt.core.prefs` ziingie. Hiyo ya katikati usijaribu kuihariri kwa mkono. Kanuni za kutenga zimeandikwa humo kwa namba na maneno yaliyoshikamana, na binadamu hana sababu ya kuzisoma.

Kundi la pili hukulitaja, lakini ukianza kutumia JAXB, ANTLR au Protocol Buffers litakufikia. Zana hizi hukuzalishia madarasa ya Java, na madarasa hayo huwa yamejaa aina ghafi (*raw types*, kama `List` isiyotaja imebeba nini), vitu vilivyoletwa kwa `import` bila kutumika na `serialVersionUID` zilizokosekana. Usiende kwenye *Java Compiler > Errors/Warnings* kuweka *Ignore* kwenye kila kimoja. Utakuwa umeyazima na kwenye msimbo wako. Hakikisha vilivyozalishwa viko kwenye folda ya chanzo ya peke yake, kisha *Properties > Java Build Path*, kichupo cha *Source*, panua folda hiyo, na kwenye *Ignore optional compile problems* ubadilishe kuwa *Yes*. Jambo hili lipo tangu toleo la Juno la mwaka 2012, na bado nakutana na watu wanaobandika `@SuppressWarnings` kwenye faili zinazofutwa na kuzalishwa upya kila mradi unapojengwa. Makosa halisi ya sarufi ya Java yataendelea kuonekana kwenye folda hiyo. Kinachonyamazishwa ni yale ya hiari tu.

Kama maktaba ni ya zamani, iliyoandikwa kabla ya jeneriki za Java 5, utapata maonyo ya aina ghafi kwenye msimbo *wako* kwa kosa la *wao*: mbinu yao inarudisha `List` ghafi na wewe huna la kufanya. Kwenye *Errors/Warnings*, sehemu ya *Generic types*, kuna kisanduku cha *Ignore unavoidable generic type problems due to raw APIs*. Kitie tiki.

Sasa tuje kwenye onyo lako linalong'ang'ania. Maneno yake kamili ni haya: "Classpath entry … will not be exported or published. Runtime ClassNotFoundExceptions may result." Halilalamikii mtindo wa kuandika. Linakuambia hivi: umeongeza JAR kwenye njia ya kukompaili, kwa hiyo Eclipse inaiona na msimbo wako unakubalika, lakini haimo kwenye orodha ya vitu vitakavyopelekwa kwenye `WEB-INF/lib` programu inapokwenda kwenye seva. Utakompaili vizuri, utawasha Tomcat (seva ya programu za wavuti za Java) vizuri, kisha mtu wa kwanza kubonyeza kitufe kinachoitumia maktaba hiyo atakutana na `ClassNotFoundException` au `NoClassDefFoundError`.

Bonyeza Ctrl+1 juu ya onyo hilo na Eclipse itakupa suluhisho mbili. Ya kwanza inaiweka JAR kwenye orodha ya kupelekwa. Ya pili inasema isihesabiwe, na inaandika alama ya `org.eclipse.jst.component.nondependency` kwenye `.classpath`. Zote mbili huliondoa onyo, na hapo ndipo pa kuwa makini. Jiulize swali moja tu: je, seva inayo tayari? `servlet-api` Tomcat inayo, hivyo ya pili ni sahihi. Dereva wa hifadhidata ambao hujauweka kwenye folda ya `lib` ya Tomcat yenyewe haimo, hivyo unahitaji ya kwanza. Na kwa kuwa unatumia Maven, la maana zaidi ni kujiuliza JAR hiyo ilifikaje hapo kwa mkono. Itoe kwenye *Java Build Path*, itangaze kwenye `pom.xml`, na zile za seva uzipe `<scope>provided</scope>`. Onyo litaondoka lenyewe.

Ndugu yake ni "Access restriction". Likitokea, maana yake unagusa darasa la ndani la Java ambalo halikukusudiwa kwako. Kwa chaguo-msingi Eclipse hulihesabu kuwa kosa, na ushauri unaozagaa ni kulishusha hadi *Ignore*. Waliofanya hivyo kwa `sun.misc.BASE64Encoder` walikaa kwa amani hadi Java 9 ilipotoka mwaka 2017 na darasa hilo likawa halipo tena. Mbadala wake rasmi, `java.util.Base64`, ulikuwepo tangu Java 8 ya mwaka 2014. Onyo lilikuwa limesema kweli kwa miaka yote hiyo.

Lipo pia lile la "Build path specifies execution environment J2SE-1.5", ambalo huwakuta watu wa Maven. Hukuweka toleo la Java kwenye `pom.xml`, na plagini ya kukompaili ya matoleo ya kabla ya 3.8.0 ilichukulia 1.5. Andika toleo lako:

```
<maven.compiler.release>17</maven.compiler.release>
```

ndani ya `<properties>`, kisha *Maven > Update Project*. Lakini `release` inataka plagini ya kukompaili iliyo ya 3.6 au zaidi na JDK 9 au zaidi. Ukiwa nyuma ya hapo, tumia `maven.compiler.source` na `maven.compiler.target`.

Kwenye terminali na kwenye seva utakutana na kelele nyingine za maktaba ambazo Eclipse haina mamlaka nazo. JAR nyingi hubeba ndani ya faili yao ya `MANIFEST.MF` mstari wa `Class-Path` unaotaja JAR nyingine, mara nyingi kwa majina yasiyo na namba ya toleo. Maven huhifadhi kila JAR na namba yake, kwa hiyo `javac`, kikompaili cha Java, ikiwashwa na `-Xlint:all` inatafuta `jaxb-api.jar`, haioni, inasema "bad path element". Hili ni kelele tupu, kwa sababu maktaba yenyewe ipo kwa jina jingine. Tumia `-Xlint:all,-path` na yaliyobaki yaendelee kuonekana. Tomcat nayo husoma mistari hiyohiyo na kulalamika "Failed to scan". Dawa yake iko kwenye `context.xml`:

```
<JarScanner scanManifest="false"/>
```

Kwa JavaScript kuna njia ninayoipenda kuliko zote hizi, nayo ni kuitoa kabisa kwenye folda zako. Tangu Servlet 3.0 ya mwaka 2009, seva inaweza kutoa faili za wavuti zilizo ndani ya `META-INF/resources` ya JAR yoyote iliyomo kwenye `WEB-INF/lib`. Mradi wa WebJars unafungasha jQuery, Bootstrap na nyingine nyingi kwa mtindo huo, kwa hiyo unatangaza `org.webjars:jquery` kwenye `pom.xml` kama utegemezi wa kawaida na unaiita kwenye ukurasa kwa njia inayoanzia `webjars/`. Faili haipo tena mahali ambapo kikaguzi kinapita. Toleo linapanda kwa kubadilisha namba moja, na Git yako haibebi tena maelfu ya mistari isiyo yako. Maktaba ya chati ikikosekana huko, hiyo moja ibaki `vendor`.

Kichujio cha dirisha la Problems, *Filters* kwenye menyu ya dirisha hilo, kina kazi yake pia. Mimi nakiweka kionyeshe mradi niliouchagua tu. Ila kumbuka kinaficha kwenye macho tu: ukaguzi unaendelea, muda unatumika, na alama za njano zinabaki kwenye mti wa faili.

Wenzako wa IntelliJ IDEA hubofya kulia kwenye `vendor` na kuchagua *Mark Directory as > Excluded*, na msimbo uliozalishwa wanautia alama ya *Generated Sources Root*. Wa VS Code wanatumia injini ileile ya Java ya Eclipse chini kwa chini; mpangilio wa `java.settings.url` unaweza kuelekezwa kwenye `org.eclipse.jdt.core.prefs` yenu, na timu nzima ikaona maonyo ya Java yaleyale.

La mwisho, kwa kuwa uko kwenye Maven: kila ukifanya *Update Project*, Eclipse inaipanga upya njia ya madarasa kutoka kwenye `pom.xml`, na uliyoyabadilisha kwa mkono kwenye `.classpath` yanaweza kufutika, ikiwemo ile *Yes* ya folda zilizozalishwa. Maonyo yakirudi ghafla siku ambayo hujagusa kitu, angalia hapo kwanza.